Barua ya wazi kwa wakubwa wa bima ya afya: pensheni ndiyo mshahara wangu, kateni hapo

Kwa Waziri wa Afya, kwa wakubwa wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, na kwa idara ya pensheni pale Hazina ya Taifa.

Salaam nyingi kutoka Mariakani, huku Pwani ya Kenya.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi miaka 36, chaki nikaiweka chini mwisho wa Juni 2025 nilipotimiza miaka 60, na saa hii niko kwangu nafuga kuku na kusoma gazeti la jana. Sio mtu wa kubishana mitandaoni, hata hii simu nilinunuliwa na kijana wangu, lakini kuna jambo limenikaa kooni na nimeona nikinyamaza litanipandisha presha, na hapa nyumbani presha tayari tunayo moja, ya mama watoto, inatutosha.

Jambo lenyewe ni bima ya afya ya serikali kwa mtu ambaye mshahara umekatika. Sio kwamba haipo, ipo. Ila imewekwa namna ambayo mzee akitoka kwa mshahara kuingia kwa pensheni anatumbukia katikati, na hakuna aliyesimamisha hata kibao cha kusema jameni hapa pana shimo.

Niko na faili la kaki nimeweka peslipu zangu, yaani karatasi za mshahara, kuanzia zile za zamani za karatasi yenye matundu kandokando. Juzi usiku nilizitoa nikazipanga mezani kama madaftari ya kusahihisha. Kila karatasi ina mstari mmoja wa bima. Kwa miaka mingi ulisoma NHIF 320, yaani shilingi 320 za ule mfuko wa zamani wa bima ya afya. Mwaka 2015 viwango vikapandishwa, ukaanza kusoma 900, kisha 1,100, kisha 1,200, kadiri mshahara ulivyojikokota. Halafu Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, ikaja SHA na mfuko wake wa SHIF, ikawa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na mimi na marupurupu yangu nilikuwa nimefika 62,000 kwa hivyo ni 1,705 kila mwezi. Watu stafrumu walipiga kelele sana. Mimi nikawaambia tulieni, uzee unakuja, hii ndio akiba yetu ya dawa.

Karatasi ya mwisho ni ya Juni 2025. Ya Julai haipo, na bima ikafa na hiyo Julai, mimi nikiwa natembea nikijua niko na bima.

Hebu niwaambie nilivyodanganyika. Kabla ya kustaafu tulipelekwa semina, sitasema iliandaliwa na nani. Siku mbili, chai na mahamri, akaja mtu wa kuuza ploti, akaja mwingine wa kuku wa kienyeji (huyo ndiye nilimsikiza), akaja mtu wa benki akatuonya tusije tukaoa mke wa pili na pesa ya kiinua mgongo, tukacheka mpaka wengine machozi. Bima ya afya ilipewa kama dakika nne hivi kabla ya chakula cha mchana. Tukaambiwa, "Nyinyi mtaendelea na SHA kama kawaida." Basi. Kama kawaida! Mimi na umri wangu nimefundisha watoto kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu na hapo sikuuliza hata moja, nilikuwa nanusa pilau.

Kumbe hakuna cha kawaida. Ukiwa umeajiriwa, mwajiri anakata na anatakiwa apeleke pesa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, wewe hata hujui zinapita wapi. Ukistaafu, kwa hesabu ya sheria wewe huna mshahara tena, kwa hivyo unatiwa kikapu kimoja na mama mboga na mtu wa bodaboda: unajisajili wewe na nyumba yako, unajibu maswali ya kupima uwezo, unapewa kiwango, halafu unalipa ya mwaka mzima, mbele, mara moja. Ile bima nyingine tuliyokuwa nayo ya mwajiri nayo inabaki huko huko kwa mwajiri. Na pensheni haiji siku ya pili. Kila mstaafu anayesoma hapa anajua kukaa miezi bila peslipu na bila pensheni, unaishi kwa kuku na kwa watoto. Yaani mtu anatakiwa atoe ya mwaka mzima wakati ule ule ambao hana hata ya wiki.

Septemba mama watoto akaanza kuumwa na kichwa jioni, akasema ni jua. Saa tano usiku akawa haongei vizuri, mdomo umekwenda upande. Nikamwamsha jirani mwenye probox tukakimbia hospitali, siitaji jina, ni levo 4, yaani ngazi ya juu ya dispensari na kituo cha afya. Pale dirishani kijana akachukua kitambulisho changu, akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Mzee, hapa haisomi." Nikamwambia mwanangu jaribu tena, mimi ni mwalimu, mnanikata kila mwezi. Akanigeuzia ile kompyuta nione mwenyewe, na kweli jina langu liko na la mke wangu liko, na pembeni yake kuna maandishi mekundu. "Mlilipa mwisho Juni, baba. Ulikuwa unalipiwa na mwajiri. Sasa weka dipoziti."

Nilikuwa na 1,800 kwa Mpesa. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliangalia salio mara tatu kama kwamba litaongezeka.

Simu ikapigwa Mombasa, kijana wangu akatuma dipoziti, mama akapata kitanda, na Mungu saidia kilikuwa kiharusi kidogo, anaongea sasa hivi na ananisuta vizuri kabisa. Kesho yake kijana wangu huyo huyo ndiye alikaa na simu kujaza ile tathmini na kulipa ya mwaka, mchana ikasoma. Lakini ya usiku ule na asubuhi yake ilikuwa juu yetu. Na huyo kijana ujue anakatwa 2.75 yake kazini, kwa mke wake na watoto wake, mimi na mama yake hatuingii humo maana kwa SHA wazazi ni nyumba nyingine. Kwa hivyo analipa mara mbili na mwezi una mwisho ule ule mmoja. Sio kosa la yule kijana wa dirishani pia, alikuwa na heshima, alinitafutia kiti.

Sasa tuje kwa ile tathmini, maana hapa ndipo roho yangu inauma.

Maswali yanauliza nyumba yako ina paa la nini, ukuta wa nini, sakafu ya nini. Choo cha aina gani. Maji mnatoa wapi. Mnapikia nini, kuni, makaa au gesi. Taa ni ya nini. Mifugo mingapi. Halafu mashine inakisia uwezo wako. Naelewa kwa nini, mama mboga hana peslipu, utajuaje anapata ngapi, lazima ukisie. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, juu yake ni asilimia 2.75 ya hicho kipato kilichokisiwa. Sawa.

Lakini mstaafu wa serikali kwa nini akisiwe?

Fikirieni mwalimu yeyote wa rika langu. Ile nyumba ya mabati ya rangi na sakafu ya sementi haikujengwa na pensheni. Imejengwa na mkopo wa Sacco wa mwaka elfu mbili na kitu, uliolipwa kwa miaka kumi, tofali moja moja, kwa mshahara ambao haupo tena. Choo cha ndani kilijengwa binti alipokuwa anaolewa ili wakwe wasituseme. Bomba lipo, maji yenyewe ni siku yakipenda. Gesi ni mtoto alileta Krismasi na mtungi ukiisha tunarudi kwa makaa. Ukimpima mtu kwa hayo utamwona tajiri, na mfukoni ana nauli ya kwenda tu kurudi hana. Nyumba haitoi pesa kila mwezi, nyumba inakula pesa, muulize mtu yeyote mwenye mchwa. Mimi yangu ilisoma ngapi sitaianika hapa, hiyo ni siri ya nyumba, nazungumzia mpango wenyewe ulivyo.

Na cha kuchekesha ni kwamba kipato cha mstaafu hamna haja ya kukikisia kwa kuangalia choo chake, mnakijua mpaka senti, nyinyi wenyewe ndio mnamtumia! Idara ya pensheni ina faili, ina namba, ina akaunti ya benki, inajua hata mwaka gani nitaongezewa ile asilimia 3 inayokuja kila baada ya miaka miwili. Huyu ni serikali na yule ni serikali. Yaani mkono wa kulia unanipa 24,000 halafu mkono wa kushoto unakuja kuhesabu mbuzi ili ujue nina ngapi.

Ombi langu ni moja na ningeomba mlichukulie maanani: kateni kwa pensheni. Kila mwezi, asilimia 2.75 ile ile mliyokuwa mkikata, pesa ikitoka tu. Pensheni ya 24,000 ni shilingi 660 kwa mwezi, sitakufa. Ukinambia nitoe 7,920 mara moja Januari wakati wajukuu wanataka viatu vya shule hapo ndio nitakufa. Hesabu ni ile ile, tofauti ni pumzi. Wa 12,000 atakatwa 330. Na kuna wazee waliostaafu kitambo sana, pensheni yao ni elfu tano, elfu sita, hao kiwango cha chini cha 300 ni pesa nyingi kwao kuliko 2.75, hao naomba serikali iwalipie yote maana pia pesa za Inua Jamii za 2,000 za wazee wa miaka 70 hawazipati, wakienda wanaambiwa nyinyi mna pensheni.

Najua wastaafu wenzangu watanitukana hapa, eti mwalimu anaenda kuutia mkono wa serikali mfukoni mwetu. Wacha wanitukane. Mkono ukiingia mfukoni kila mwezi kwa 660 huwa nauona, ninachoogopa ni ule wa saa tano usiku kwenye dirisha la hospitali.

Na kile kipindi cha katikati, kuanzia peslipu ya mwisho mpaka pensheni ya kwanza, bima isikatwe. Iendelee tu. Pensheni ikifika kateni malimbikizo yote mara moja kutoka kwa kile kiinua mgongo, ni vijisenti kwa pesa ile, nani atalalamika? Mnajua mtu atastaafu lini, tarehe ya kuzaliwa mko nayo tangu siku aliyoajiriwa, hamshtukizwi.

Mtaniambia kuna Lipa SHA Polepole. Nimeisikia, nimesomewa. Ni unakopeshwa ule mchango wa mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo. Kwa mtu wa jua kali huenda inasaidia. Lakini mzee wa miaka 60 na zaidi kuchukua mkopo ili awe na bima, tena pesa yake ya kila mwezi iko kwenu? Mwenye shamba anakopesha kibarua mshahara wake mwenyewe.

Mtaniambia tena kuna mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, ule ambao mamlaka ya mafao ya uzeeni iliruhusu mtu aweke akiba ya matibabu pamoja na ya pensheni, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ukiweka mpaka 15,000 kwa mwezi haitozwi ushuru. Ni kitu kizuri sana na vijana mnaosoma hii na mko kwa pensheni za kampuni kaulizeni kazini kwenu kesho asubuhi kama upo. Lakini mimi sikuwa kwa mfuko wa kuchangia. Ule mpya wa watumishi wa serikali ulipoanza Januari 2021 uliwabeba kwa lazima walio chini ya miaka 45, mimi nilikuwa na 55, nikabaki kwa pensheni ya zamani. Na hata ningekuwemo, mwalimu atoe 15,000 wapi? Bima za kampuni binafsi nazo ukipita umri fulani wengi hawakuchukui mgeni, wakikuchukua wanakuambia presha ulikuja nayo hiyo hatulipi.

Kitu kimoja ambacho ni kizuri na hamkitangazi vya kutosha, nami nitawasaidia kutangaza bure: dispensari na kituo cha afya, yaani levo 2 na 3, ukishajisajili tu unatibiwa hata kama hujalipa SHIF, maana pesa ya hapo inatoka kwa mfuko mwingine wa afya ya msingi. Wazee wengi hawajui. Nina rafiki yangu hapa alikaa na sukari nyumbani miezi mitatu akisubiri apate pesa ya mwaka, na dispensari iko hapo ng'ambo ya reli, angepimwa bure. Lakini na nyinyi mkumbuke mzee akifika huko anataka dawa, na kuambiwa andika kwenye karatasi uende ukanunue pale kwa duka la dawa si kutibiwa. Vidonge vya presha ni vya kila siku, havingoji lori la dawa. Na kitanda, kusafishwa damu, saratani, upasuaji, hayo yote ambayo ndiyo magonjwa ya umri wetu, yako huko juu ambako lazima uwe umelipa. Huko chini bure tunapewa ya mafua.

Nikiwa hapo hapo, miwani. Tarifa zilipotoka 2024 nilizisoma zote, mwalimu ni mwalimu. Macho: shilingi 1,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka. Nyumba nzima! Mimi na mke wangu tuna macho manne na hakuna hata moja linaloona gazeti. Sasa tunavaa kwa zamu ile moja, akisoma Biblia mimi nasikiliza redio. Huyo aliyeweka hiyo 1,000 ningependa kujua alinunua miwani yake wapi, anielekeze.

Najua pia mtasema elimu kwa umma inatolewa, kuna namba ya *147#, kuna tovuti. Wazee wa huku hatukai kwa tovuti. Tunakaa kwa chifu, tunakaa msikitini na kanisani, tunakaa benki siku pensheni ikiingia, foleni mpaka nje. Hiyo foleni ndiyo darasa lenu. Leteni mtu mmoja na meza na karatasi moja ya Kiswahili cha kueleweka: bima yako iliisha siku gani, ulipe vipi, mwenzako yumo au hayumo, ukifiwa mjane anaendelea nayo au anaanza upya. Hilo la mjane limeulizwa kwa kikundi chetu cha WhatsApp cha walimu wastaafu na kila mtu amejibu lake, mpaka mzee mmoja aliyekuwa hedimasta akakasirika akatoka kwa grupu. Na kwa anayestaafu, hiyo karatasi iwe ndani ya ile barua ya kustaafu yenyewe, inayokuja karibu mwaka kabla, sio kwa midomo ya mtu wa semina anayeangalia saa ya chakula.

Katiba yetu kifungu cha 57 kinasema wazee wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa serikali. Jamaa wamefanya lao, mliwaona, walituma dipoziti saa sita usiku. Sheria ya bima iliyotiwa saini Oktoba 2023 haiwezi kuwa ngumu kuongezewa kanuni moja inayosema pensheni ihesabiwe kama mshahara kwa wale wanaotaka. Anayetaka apimwe na choo chake apimwe. Sisi tunaotaka kukatwa tupeni fomu tutie saini. Hata jengo la idara ya pensheni pale Harambee Avenue linaitwa Bima House jameni, jina mnalo tayari mlangoni, ni kuliingiza ndani tu.

Mimi ya mwaka huu imelipwa, inaisha Septemba. Kuanzia Julai nitaanza kuuza majogoo niweke kando, na wale kuku wa semina wamegoma kutaga, hiyo ni barua nyingine. Kama kabla ya hapo mtakuwa mmeamua kukata kwa pensheni nitafurahi kubaki na majogoo yangu.

Jibu mkilileta, lileteni kwa Kiswahili, na herufi ziwe kubwa kidogo. Miwani mnajua wenyewe ilivyo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Mariakani